Injini ipi kwa Land Rover ya turubai? Mwongozo kwa anayefufua gari la zamani Nyanda za Juu Kusini

Land Rover za zamani hazijaisha huku kwetu. Mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe yalizitumia, misheni zilizitumia, ofisi za serikali zilizitumia, na nyingi zilipochoka ziliachwa tu nyuma ya nyumba, magogo chini ya ekseli, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Bodi ni ya alumini, kwa hiyo haiozi upesi. Ukifunua boneti ndipo unakuta shimo tupu, au injini iliyokwama tangu mzee wa watu alipostaafu.

Yangu niliipata Tukuyu: Series III (toleo la tatu la Land Rover hizi) ya mwaka 1974, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli, turubai limebaki vipande na injini haipo. Imefungwa injini mbili tofauti kabla haijatulia. Ya kwanza nilikosea kuichagua, na kosa hilo lilinigharimu pesa na karibu mwaka mzima. Naandika haya kwa ajili ya aliye na gari la namna hiyo Mbeya, Njombe au Iringa, anayetaka kulirudisha barabarani na kulitunza kama mali ya thamani, maana ndivyo lilivyo.

Hatua ya kwanza: turubai ndilo linaloamua mwendo

Wengi wetu huanza na injini, halafu tunaitafutia kazi. Anza upande wa pili. Chukua karatasi, andika safari tatu ambazo gari hili litazifanya kweli. Zangu zilikuwa hizi: kupanda kutoka Uyole hadi Isyonje kufuata viazi, kushuka Kyela kusalimia ndugu mara mbili au tatu kwa mwaka, na kuzunguka mjini Jumapili turubai likiwa limekunjwa na watoto wamekaa nyuma.

Land Rover ya turubai ikifika kilomita 80 kwa saa, turubai huanza kupiga kama bendera na mazungumzo yanakoma. Kwenye barabara ya vumbi, hewa inayozunguka nyuma ya gari huvuta vumbi lote likaingia ndani. Ikipinduka, hakuna bati wala nguzo ya kukukinga kichwa. Springi zake ni bapa, usukani una mchezo, breki ni za dramu mbele na nyuma. Gari la namna hii linaendeshwa 60, 70, likizidi sana 80, na kwa mwendo huo lina raha ambayo gari lenye paa na kiyoyozi haliwezi kukupa. Injini ya nguvu za farasi 110 itakupeleka kwenye mwendo ambao gari lenyewe halina uwezo wa kuumudu wala kuusimamisha.

Kelele nayo ihesabu. Kwenye gari lililofungwa, mlio wa dizeli ya zamani unapunguzwa na bati, vioo na zulia. Kwenye turubai hakuna cha kuupunguza. Ukiendesha saa tatu hadi Makambako, masikio yatakudai.

(Kama gari lako la kukunja paa si Land Rover bali ni gari dogo la michezo lisilo na chasi ya chini, lile ambalo sakafu na kingo za milango ndizo zinazobeba uzito wote, usiguse habari ya injini kwanza. Kingo zikioza, gari hilo hupinda katikati, milango ikakataa kufunga. Chuma kwanza, injini baadaye. Land Rover ina chasi yake ya ngazi, kwa hiyo kukosa paa hakuidhoofishi kwa namna hiyo.)

Hatua ya pili: lala chini ya gari kabla ya kwenda dukani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Chukua nyundo ndogo uigonge chasi yote, kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lililopasuka. Gonga zaidi pale springi zinaposhikilia, kwenye kipande cha mwisho cha nyuma, na pale maunti za injini zinapokaa. Magari yaliyokaa miaka Kyela, kwenye joto na unyevu wa ziwani, huoza kuliko yaliyokaa Makambako. Angalia pia ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, hasa chini, penye miguu. Ukuta huo si alumini.

Kisha giaboksi. Series II na IIA, zilizoitangulia yangu, zina sinkro (kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie bila kugonga) kwenye gia ya tatu na ya nne tu, ukitaka kurudi ya pili inabidi ukanyage klachi mara mbili. Series III ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Zote zilitengenezwa kwa ajili ya injini ya lita 2.25 yenye msokoto (nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm) wa karibu Nm 160 ikiwa ya petroli, na Nm 140 ikiwa ya dizeli. Tunza namba hizo kichwani. Chochote utakachofunga kitapitisha msokoto wake kwenye giaboksi hiyo hiyo, kisha kwenye difu (gia za ndani ya ekseli), kisha kwenye shafti fupi za nyuma zinazozungusha magurudumu, ambazo kwa gari fupi zina meno 10 tu na huvunjika hata kwa injini ya asili zikionewa.

Difu za kawaida za Series ni za uwiano wa 4.7. Kwa matairi ya 7.50-16, ukiwa gia ya nne kwa kilomita 80, injini inazunguka kati ya mara 2,800 na 2,900 kwa dakika. Ndiyo maana magari haya hupanda vizuri na huchoka kwenye tambarare. Ukifunga difu za 3.54 kutoka Range Rover au Discovery ya kwanza, mzunguko unashuka hadi zaidi kidogo ya 2,100, lakini sasa gia ya kwanza ni ndefu, na injini dhaifu itakwama kwenye mlima wa Igawilo ikiwa na mzigo.

Breki: gari fupi za miaka hiyo zilikuja na dramu za inchi 10, ndefu za inchi 109 zikawa na za inchi 11. Dramu za gari refu zinaweza kufungwa kwenye fupi, na ni kazi ambayo ningeifanya kabla ya injini yoyote kubwa. Anayejua mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi haulizi kwa nini.

Sasa kisa changu. Nilinunua Dar es Salaam injini ya turbo dizeli, 200Tdi, kwa sababu kila mtu aliisifu, na kwa sababu inakaa kwenye giaboksi ya Series bila kuchongewa adapta. Ilikaa kweli. Msokoto wake ni karibu Nm 260, yaani unazidi ule wa petroli ya asili kwa zaidi ya nusu. Giaboksi sikuigusa, difu sikuzigusa, breki nikaziacha za inchi 10. Miezi minne nilipita kila lori mlimani. Mwezi wa tano, natoka Isyonje na gunia sita za viazi, nikaachia klachi kwa pupa kwenye kona ya mlima na nikasikia mlio kama wa jiwe kupasuka. Shafti ya nyuma ilikuwa imekatika.

Na hapa kuna jambo ambalo kila mwenye Series lazima alijue. Breki ya mkono ya gari hili haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya giaboksi, inashika shafti ndefu iendayo difu ya nyuma. Shafti fupi ya gurudumu ikikatika, breki ya mkono haishiki kitu tena. Gari lilianza kurudi nyuma nikiwa nimeivuta hadi mwisho. Niliokolewa na breki ya mguu na jiwe ambalo kijana mmoja alilisukuma nyuma ya tairi. Baadaye niliingiza gia ya magurudumu manne, ekseli ya mbele ikatuvuta taratibu hadi Uyole. Ukiingiza magurudumu manne, breki ya mkono nayo hupata pa kushika. Tangu siku hiyo gogo la kuzuia tairi halitoki kwenye gari langu.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya mwinuko

Namba za nguvu zilizoandikwa kwenye vitabu vya magari ni za usawa wa bahari. Mbeya mjini tupo karibu mita 1,700. Hewa ya hapa ina uzito wa kama asilimia 82 ya ile ya Dar, na injini isiyo na turbo hubaki na nguvu kwa kiasi hicho hicho. Petroli ya lita 2.25 yenye farasi 70 inabaki na 57 au 58. Ukipanda Kitulo, penye mita 2,600 na ushee, unapoteza robo nzima. Injini haina ugonjwa, hewa ndiyo imepungua. Nimeona watu wakifungua silinda hedi bure kwa sababu ya jambo hili.

Kwa injini ya kabureta, hewa ikipungua mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa. Utaona plagi nyeusi zenye masizi, gari linakula petroli, na linasitasita mlimani. Mwambie fundi aweke jeti kuu (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) ndogo kwa namba moja au mbili, na asogeze cheche mbele kidogo. Ukienda kukaa Kyela wiki mbili, kule chini kabisa karibu na ziwa, rudisha jeti ya zamani, la sivyo injini itakosa mafuta na kupata joto kupita kiasi.

Kwa dizeli isiyo na turbo dalili yake ni moshi mweusi mlimani. Pampu inapeleka dizeli ya usawa wa bahari kwenye hewa ya mlimani. Fundi wa pampu anaweza kupunguza. Turbo hurejesha sehemu kubwa ya hewa iliyopotea, na hiyo ndiyo hoja moja ya kweli ya kuipenda huku kwetu.

Maji nayo: Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyabana yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea, ambacho Dar kingekuvumilia, hapa kitakuchemshia gari kabla hujamaliza mlima. Ni kitu cha bei ndogo. Nunua kipya chenye namba ya shinikizo inayofaa injini yako.

Na baridi. Asubuhi za Juni na Julai dizeli ya zamani yenye chumba cha awali haiwaki bila plagi za kupasha zilizo hai zote nne. Petroli yenye choki nzuri huwaka.

Hatua ya nne: injini zenyewe

Petroli ya lita 2.25, ya asili. Ina sentimita za ujazo 2,286, imetumika tangu 1958, na inatumia cheni ya taimingi. Hadi 1980 krenki yake, yaani shafti kuu ya injini, ilikaa kwenye beringi tatu. Baada ya hapo zikawa tano, na hiyo ya beringi tano ndiyo ya kutafuta ukiipata. Ni laini, inanguruma kwa upole, inaingia bila kuchomelea kitu, na fundi yeyote mzee wa Mwanjelwa anaweza kuifungua akiwa anazungumza na wewe. Platini, kondensa na plagi zinapatikana. Ubaya wake ni unywaji: kilomita 5 hadi 7 kwa lita. Jingine ni vali. Injini hizi zilizaliwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo ilikuwa ikilinda viti vya vali za eksosi, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Ukiwa unafanya ovahoo, waambie wa karakana ya leti waweke viti vigumu vya vali za eksosi. Kama hutaki kufungua hedi sasa, pima nafasi ya tapeti (kati ya vali na kinachoisukuma), ambayo ni milimita 0.25, kila baada ya kilomita elfu mbili tatu. Ikizidi kupungua kila unapopima, viti vinaliwa. Na kabureta ya Zenith, ambayo Series III nyingi zilikuja nayo, uso wake hupinda; ukiona injini haitulii taratibu hata baada ya kusafisha, weka uso huo juu ya kioo na uone kama unakaa sawa.

Dizeli ya lita 2.25. Inaingia bila shida, inakula kidogo, ina farasi 62 huko pwani. Ukiondoa asilimia zetu unabaki na 51. Kwa mtu anayekaa Usangu kwenye tambarare ya mpunga inafaa. Kwa Rungwe na Makete siipendekezi, na kwa gari la turubai kelele yake ni nyingi mno.

Dizeli ya lita 2.5 isiyo na turbo ni ndugu wa hiyo, ilikuja 1984, inakaa pale pale ikiwa na nguvu kidogo zaidi, ila inatumia mkanda wa taimingi badala ya cheni. Kama kazi yako ni kubeba, na umekuta moja nzima, ichukue. Giaboksi yako haitalalamika.

200Tdi nimekwisha kuieleza. Siisemi vibaya, ni injini njema sana, inaenda kilomita 9 au 10 kwa lita na mlima hauioni. Lakini ifunge ikiwa umeshaweka difu za 3.54, ambazo hupunguza mzigo wa shafti za nyuma kwa karibu robo, dramu za inchi 11, na giaboksi iliyofunguliwa na kuwekwa beringi mpya. Hata hapo mguu wako uwe na adabu gia ya kwanza na ya pili. Pima pia turbo inapokaa: ile ya Discovery na ile ya Defender zimepangwa tofauti, na bomba la moshi linaweza kugonga chasi. 300Tdi iliyoifuata ina farasi 111, lakini maunti zake ni tofauti na kazi ya kuchomelea inaongezeka. Kama unaitaka, angalia habari ya mkanda wa taimingi, kwa kuwa zile za mwanzo zilikuwa na tatizo la mkanda kuliwa upande mmoja. Yangu niliiuza kwa mtu wa Mafinga mwenye gari refu lenye ekseli nzito ya nyuma, na huko inafanya kazi vizuri hadi leo.

Toyota. Hapa mjadala huwa mkali, nami nitasema ninavyoona. Dizeli ya 3L, lita 2.8, ndiyo iliyokuwa kwenye Hiace na Hilux nyingi, kwa hiyo spea zake unazipata Kabwe, Makambako, Tunduma, hata kijijini kwa fundi wa Hiace. Pampu ni ya kawaida bila kompyuta. Msokoto wake ni karibu Nm 190, giaboksi ya Series inauvumilia ukiwa na busara. Kwa mtu anayeishi Ludewa au Makete ndani, mbali na duka, hoja hii ina uzito. Petroli ya 22R, lita 2.4, nayo ina cheni na kabureta, ni nyepesi, ni tulivu, na kwa turubai ningeipenda kuliko 3L.

Tatizo ni kuunganisha. Utahitaji bamba la adapta kati ya injini na giaboksi, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Katikati ya krenki na katikati ya shafti ya giaboksi lazima vilingane kabisa. Ikitofautiana hata nusu milimita, klachi itatetemeka na beringi ya mbele ya giaboksi itakufa ndani ya miezi. Usikubali bamba lililokatwa kwa gesi na kutobolewa kwa macho. Lichongwe kwenye leti, kisha lipimwe kwa saa ya sindano iliyofungwa kwenye flaiwili na kuzungushwa duara nzima. Fundi akikwambia haina haja, tafuta mwingine. Njia ya pili, ya kufunga giaboksi ya Toyota nayo, inaleta swali la difu: difu za Series, mbele na nyuma, ziko upande wa kulia, na shafti ya giaboksi yako mpya lazima itokee huko.

Kwa gari fupi la turubai la kutembelea na kubeba mizigo midogo, jibu langu ni petroli ya asili. Ndiyo ninayoendesha sasa. Inashindwa na malori mlimani, sawa, lakini giaboksi imetulia, breki zinatosha, na turubai likikunjwa unasikia ndege wa pembeni mwa barabara.

Hatua ya tano: kuikagua injini ya mtumba

Injini inayouzwa ikiwa imekaa sakafuni haisemi mengi. Ukipata iliyo bado kwenye gari na inawaka, lipa zaidi kidogo, ni faida yako.

Fika ikiwa imepoa. Shika bloku kwa mkono. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema kuficha ugumu wa kuwaka. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inazunguka: moshi ukitoka kwa nguvu ya kusukuma kiganja chako, injini inapumua, ringi zimekwisha. Chomoa kijiti cha oili, angalia rangi ya maziwa, ambayo ni maji. Chini ya kifuniko hicho, utandu mwepesi wa maziwa asubuhi ya baridi unaweza kuwa unyevu tu, lakini kwenye kijiti hauna udhuru.

Pima kompresheni silinda zote, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, na kwa petroli kanyaga mafuta hadi mwisho ili hewa iingie. Kumbuka mwinuko: namba utakayoiona Mbeya itakuwa chini ya ile ya kitabuni kwa karibu asilimia 18, na hilo si kosa la injini. Kilicho muhimu ni silinda kulingana. Zikitofautiana ndani ya moja ya kumi, nunua. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili ndani ya silinda hiyo ya petroli na upime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni vali au gasketi ya hedi.

Injini ya mkanda, mkanda ubadilishwe siku unayoifunga, hata muuzaji akiapa kuwa ni mpya. Mimi niliuziwa moja kwa kiapo hicho na ndani mlikuwa na mkanda uliopasuka kingo.

Hatua ya sita: ivishe kabla hujachomelea

Weka injini mahali pake ikiwa na giaboksi, bila kukaza chochote, halafu angalia: feni na rejeta zina nafasi ya angalau vidole viwili? Sampu ya oili haigusi ekseli ya mbele springi zikibonyea? Mtu mzito akae kwenye bampa ya mbele, aruke kidogo. Boneti inafungwa? Fimbo ya usukani haigusi eksosi? Ukiridhika ndipo uchomelee maunti, na kabla ya kuchomelea toa nyaya zote za betri na alteneta.

Rejeta ya petroli ya asili haitoshi kwa 200Tdi wala 3L. Usidanganywe na hali ya hewa ya baridi ya huku. Mlima mrefu kwa mwendo mdogo ndio unaochemsha.

Hatua ya saba: kadi

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, namba hiyo haitafanana tena, na siku ya kuuza, au siku ya ajali na bima, itakusumbua. Dai risiti ya injini yenye namba yake tangu unaponunua, peleka gari likakaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha TRA ili kadi ibadilishwe. Anza kuuliza utaratibu kabla ya kununua. Usiguse kabisa namba ya chasi, hata kama unabadilisha kipande cha chasi.

Hatua ya nane: kuwasha na kilomita za mwanzo

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, toa plagi na uzungushe kwa stata mpaka taa ya oili izime. Rudisha plagi, washa, iache ipate joto huku unaangalia geji na sakafu. Zima, acha ipoe, ongeza maji, maana rejeta hushuka hewa ikitoka.

Kama silinda zimechongwa au ringi ni mpya, kilomita 800 za kwanza usizidi 60 kwa saa na usiliache lizunguke taratibu kwa muda mrefu limesimama. Barabara ya Mbeya kwenda Usangu inafaa sana kwa kazi hii: tambarare ndefu, si lazima ukanyage sana. Baada ya kilomita 800 mwaga oili yote. Kama fundi wako amekwambia hedi ikazwe tena, ikaze kwa spana ya kupimia, injini ikiwa katika hali aliyoitaja, kisha rudia tapeti kwa milimita 0.25. Halafu lala chini ya gari mara moja zaidi na spana mkononi, upite nati moja moja: maunti, shafti ndefu mbele na nyuma, bomba la moshi, na zile nne za kila gurudumu zilizoshika springi. Yangu, mara ya kwanza, nilikuta sita zimelegea.